Mimi na mshkaji tunaenda Kampala na mabegi mgongoni, Kiganda hatujui hata neno, tutatoboa?

KijanaWaNyegezi

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada wa mawazo kwa wanaoijua Kampala, hasa mliopo Uganda.

Mimi na mshkaji wangu, tumekua wote mtaa mmoja Mwanza, tumeamua likizo hii badala ya kwenda Dar kama kila mtu twende Kampala. Sio safari ya kifahari, kila mtu begi lake mgongoni, basi hadi mpakani tunavuka, tunalala sehemu za bei chee, tunatembea sana kwa miguu na tunakula wanachokula wenyeji. Hatuna ndugu kule wala mtu wa kutupokea.

Shida ni lugha. Kiganda hatujui hata salamu. Kiingereza changu mimi ni cha kujaza fomu, nikisoma naelewa ila kuongea nashikwa na kigugumizi, na mwenzangu ndo kabisa, akiulizwa kitu kwa Kiingereza anacheka tu. Halafu ana sauti kubwa, Kiswahili chake kile cha stendi, na anaamini kila mtu Afrika Mashariki anajua Kiswahili ila wengine wanaringa. Kuna jamaa katuambia Kampala ukiongea Kiswahili watu wanakukwepa, mwingine kasema acheni uoga siku hizi Uganda Kiswahili ni lugha rasmi na kinafundishwa shuleni. Nani mkweli hapo?

Pia nataka kujua usafiri wa mjini ukoje maana nasikia taksi ya kule sio taksi, na je tukipotezana katikati ya mji tunafanyaje. Bajeti ndogo, tafadhali msitupe majina ya hoteli za nyota.

---

MnubiWaBombo

Karibuni Uganda ndugu zangu. Mimi nimezaliwa Bombo, sasa niko Kampala, nyumbani kwetu tunaongea Kinubi na Kiswahili kwa hiyo hili swali umeliuliza kwa mtu wake.

Wote wawili waliokuambia wamesema kweli. Kwenye katiba Kiswahili kiliingizwa kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima shuleni. Hata Amin alikitangaza lugha ya taifa miaka ya 70 huko. Lakini karatasi ni karatasi, yule mama anayeuza matooke (ndizi za kupika) soko la Nakasero wewe hataki kujua baraza limepitisha nini, yeye anataka umsalimie kwa Luganda au umwambie "how much" mmalizane.

Sasa elewa sababu, maana ukielewa sababu hutakasirika. Kampala sio kwamba watu hawaelewi Kiswahili kabisa, wengi wanaelewa zaidi ya wanavyoonyesha. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi mtu aliyekusemesha Kiswahili katika huu mji alikuwa ni askari kwenye rodibloku, au polisi amekuja kukamata, au kibaka usiku anataka simu yako. Mpaka leo jeshini na polisi ndiko kinakoongewa. Kwa hiyo mtu akisikia nyuma yake "wewe, simama kidogo!" kwa sauti ya huyo rafiki yako, hatafikiria mtalii kutoka Mwanza, atashika mkoba kwanza halafu ataongeza hatua.

Dawa yake rahisi. Usianze na swali, anza na salamu, na usianze na Kiswahili. Mwanaume unamwita ssebo, mwanamke nnyabo. Unasema "oli otya ssebo", unasubiri ajibu, huku tunasubiri kweli, sio unasalimia huku unapita. Ndipo unauliza polepole kama anajua Kiswahili. Utashangaa, yule yule aliyekuwa anakuangalia kama ukuta anaanza kukutafutia maneno, "eeh, Kiswahili kidogo, kidogo".

Na kitu cha pili ambacho wageni wengi hawajui: UKITAKA MTU WA KISWAHILI KAMPALA TAFUTA MLINZI WA MLANGONI. Kila benki, kila supamaketi, kila petroli steshen ina mlinzi amesimama na bunduki yake. Wengi wao wametoka kaskazini na mashariki ya nchi, wengine walikuwa jeshini, Kiswahili wanacho na wamesimama hapo tangu asubuhi hakuna mtu anayeongea nao. Usimwendee mbio na begi kubwa mgongoni tu, mwendee taratibu, mikono inaonekana, msalimie "habari afande", halafu muulize barabara. Atakuelekeza mpaka utachoka wewe. Zaidi ya hao kuna mafundi wa magari, madereva wa malori, Wakongo, Wasomali wa Kisenyi, watu wa maeneo ya baraksi za polisi Nsambya na Naguru. Vijana waliovaa vizuri wa mjini waache, hao watakujibu Kiingereza cha haraka halafu wote mtaona aibu.

---

MamaMzigo_Bukoba

Wadogo zangu hongereni kwa wazo, Kampala ni mji mzuri na watu wake wakarimu msitishwe. Mimi nachukua nguo na vitenge huko, naujua mji kwa miguu.

Kwanza kabisa, kati yenu hakuna Mhaya? Kama yupo mmemaliza kazi. Kihaya na Kiganda ni ndugu, mimi sijawahi kukaa darasani kusoma Kiganda ila nikikaa sokoni nusu saa nasikia wanavyonisema. Kama nyote ni Wasukuma basi poleni lakini bado ni Wabantu, sikilizeni namba mtaona: emu, bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Hizo za juu ndo zinachanganya lakini msijisumbue nazo, jifunzeni hela tu. Lukumi ni 1,000. Nkumi bbiri 2,000, nkumi ssatu 3,000, nkumi ttaano 5,000, mutwalo ni 10,000. Ukijua hizo umejua nusu ya mji. Kuuliza bei unasema "ssente mmeka". Na mjue wenyewe elfu huwa wanaimeza, mtu akikwambia kwa Kiingereza "ten" anamaanisha 10,000, sasa usimpe kumi ukasubiri chenji.

Mpakani Mutukula hakuna shida, ni ofisi moja pande zote mbili mnagongewa hapo hapo, viza hamhitaji sisi ni Jumuiya, ila msiende na kitambulisho cha NIDA mkadhani mtavuka nacho, mwe na pasi au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Na kadi ya homa ya manjano mwe nayo kabisa mkononi, msiizike chini ya begi. Wabadilisha hela wa barabarani pale mpakani watawafuata kama nzi, badilisheni kidogo tu cha nauli na chakula, nyingine mtabadilisha kwenye maduka ya forex Kampala Road. Hesabuni noti wenyewe kabla hajaondoka, noti ya 5,000 na ya 50,000 mtu mgeni kwenye giza hazitofautishi, na hicho ndicho wanachokipenda. Ndo maana nasema pandeni basi linaloingia Kampala mchana, hata kama la usiku lina bei nafuu mnaokoa hela ya gesti mnapoteza hela ya begi.

Njiani mtapita Masaka halafu Lukaya. Pale Lukaya basi likipunguza mwendo tu mtaona watu wamevaa makoti wanakimbia na vijiti vya nyama, kuku, gonja za kuchoma, wanavisukuma mpaka ndani ya dirisha puani mwako. Hapo hakuna lugha mdogo wangu, unanyoosha kidole na unatoa noti, ila TOA NOTI KAMILI, dereva hasubiri chenji yako. Mbele kidogo Kayabwe mtapita mstari wa ikweta, kuna lile duara nyeupe barabarani, basi halisimami kwa hiyo simu iwe tayari kama mnataka picha.

Sasa soko. Owino, wenyewe jina la serikali ni St. Balikuddembe lakini mkitaja hilo hata boda atawauliza wapi. Kupatana bei bila lugha mbona rahisi kuliko kupatana na lugha. Mimi nina kiswaswadu changu, naandika namba naonyesha. Muuzaji anaangalia, anasikitika kwa sauti kubwa, anaita jirani yake aje aone nilichoandika, wanacheka, anafuta anaandika ya kwake ananirudishia. Nami nasikitika. Tunafanya hivyo mpaka mmoja anachoka. Msitumie simu kubwa kwa kazi hiyo, na simu kubwa msiongee nayo ukingoni mwa barabara wala kwenye dirisha la gari likiwa foleni, inachomolewa ukiwa bado unasema haloo.

---

Msee_Transit

Niaje wasee. Mimi ni Mkenya niko Kampala kikazi. Nyinyi mnasumbuka bure, hii town inataka vitu mbili, app na Kiingereza kibovu. Kiingereza kibovu hapa hakuna mtu anakicheka, watu wenyewe wana Kiingereza chao kingine kabisa, mtazoea.

Boda usisimamishe barabarani kama hujui lugha na hujui bei. Weka programu ya boda kwa simu kabla hujavuka, SafeBoda wale wa helmeti za rangi ya chungwa na zingine ziko, unaweka unaenda wapi, bei inatokea hapo kwa skrini, jamaa anakuja anajua unaenda wapi, hamuhitaji kuongea hata neno moja. Lakini nyinyi wawili msipande boda moja na yale mabegi, itawaangusha, kila mtu ya kwake.

Google Translate nayo ina Luganda tangu 2022. Sio nzuri sana kwa sentensi ndefu ila kwa "hiki chakula kina nyama?" inasaidia. Mkitaka kudownload kitu fanyeni kwa wifi ya mahali mnalala, na mkitaka laini ya Uganda muende duka lenyewe la MTN au Airtel na pasi, msinunue ile imesajiliwa kwa jina la mtu kando ya barabara.

Na hii maneno ya kwamba Kiswahili cha Bongo kinapendwa kila mahali punguzeni, hata sisi Wakenya mkianza "naomba nikuulize samahani kama hutojali" tunakuwa tumefika nyumbani.

---

MnubiWaBombo

@Msee_Transit hapo kwa app nakubali, lakini app haikufundishi mji. Ukipanda boda za simu wiki nzima utarudi Mwanza hujui Wandegeya iko upande gani.

@KijanaWaNyegezi uliuliza taksi. Huku taksi ndiyo daladala yenu, zile hiace nyeupe zenye mstari wa viboksi vya bluu kiunoni, watu 14. Gari la kukodi peke yako tunaita speshal. Kwa hiyo ukimwambia mtu "nataka taksi" atakupeleka kwenye hiace, na ukiona mtu anang'ang'ania "special, special" jua anataka hela ya speshal.

Taksi zinaanzia paki. Kuna Old Taxi Park na New Taxi Park, ziko karibu karibu kule bondeni, na ukisimama juu ukaziangalia utaona bahari ya mapaa meupe halafu utataka kurudi nyumbani. Usiogope, kuna mpango. Kila upande una steji yake, gari la Ntinda linasimama na magari ya Ntinda, la Jinja na ya Jinja. Hakuna namba ya ruti. Unataja jina la mahali tu, jina moja, "Ntinda?", na mtu yeyote atakuonyesha kwa mdomo au kidevu, fuata hicho kidevu mpaka mwingine akuonyeshe. Watakuja vijana wa kushika begi lako wakulete kwenye gari lao, hao begi usiwaachie, mwambie "kale, webale ssebo" (sawa, asante bwana) na uendelee kutembea, hawagombani. Gari haliondoki mpaka lijae. Nauli unampa konda njiani, angalia wenzako wanatoa ngapi kwanza ndiyo utoe na wewe, hiyo ni kamusi bora kuliko ya Google. Jioni na mvua ikinyesha bei inapanda, sio kwamba wamewaonea, inapanda kwa wote.

Kushuka ndiyo wageni wanapitilizwa. Ukiona umekaribia sema "maaso awo", yaani hapo mbele. Sema kwa nguvu, hapo ndipo yule rafiki yako wa sauti kubwa atapata kazi 😂

---

KijanaWaNyegezi

Dah asanteni sana, nimemsomea mwenzangu hiyo ya mwisho kacheka lakini kaanza mazoezi, toka jana kila tukipanda daladala hapa Nyegezi anapiga "maaso awo" konda anashangaa.

Sasa mmenipa moyo ila bado naomba hili la kupotezana. Mimi nina simu yeye ana simu lakini najua ya kwake chaji ikifika saa nane mchana imekwisha. Na jambo lingine, tukifika tuone nini ambacho hakihitaji maelezo mengi ya Kiingereza? Mimi napenda historia, yeye anapenda kula. Na wawili wawili kweli tuko salama?

---

MzeeWaMasaka

Wanangu, Masaka mtapita kwetu. Mjukuu ndiye ananiandikia haya, mimi nasema yeye anabofya.

Nimesoma hapo juu huyo wa Bombo akisema Kiswahili ni cha askari. Ni kweli, lakini sisi wazee wa huku tuna kingine. Wanajeshi wenu walipokuja 1979 mji wetu wa Masaka ulipigwa sana, ukabomoka, halafu Aprili 11 wakaingia Kampala na Amin akawa ameshakimbia. Tuliwaita bakombozi. Walikaa, tukaongea nao, wengine wetu Kiswahili tulichonacho ni kile kile tulichookota kwao. Kwa hiyo mkikutana na mzee wa umri wangu upande huu mkamwambia mnatoka Tanzania, keti kabisa, atataka kuongea. Wengine watawasifu na wengine watawaonyesha jengo ambalo halikurudi kama lilivyokuwa, msibishane nao, sikilizeni tu. Msiende kwa mzee mkiwa mmesimama wima mnaongea juu ya kichwa chake. Inama kidogo, au chuchumaa. Mtaona wasichana wa Kiganda wanapiga magoti wakisalimia, msicheke wala msipige picha.

---

MamaMzigo_Bukoba

Shikamoo mzee, umesema vema.

Mdogo wangu kupotezana kunazuilika. Kabla hamjatoka mnakolala ombeni mtu wa mapokezi awaandikie kwenye karatasi jina la mahali, mtaa, steji ya karibu na namba ya simu yao. Karatasi mbili, kila mtu yake mfukoni, sio kwenye begi. Hata kama simu imekufa unamwonyesha boda karatasi. Halafu kila mkiingia sehemu ya watu wengi, Owino, Kikuubo, paki, mnakubaliana mlangoni kabisa kwamba tukipotezana tunakutana HAPA, na hapa pawe kitu kikubwa kisichohama, msijekubaliana kukutana kwa muuza maji. Kikuubo ni kichochoro chembamba na watu wa mizigo wanapita na marobota kichwani wakipiga mluzi, ukisikia mluzi nyuma yako ingia pembeni hapo hapo, hakuna kuuliza ni lugha gani.

Hela gawaneni. Kila mmoja awe na nusu, na kila nusu iwe sehemu mbili. Mmoja akiibiwa mnarudi nyumbani wote, sio mnaanza kupiga simu Mwanza mkilia.

Kulala tafuteni hosteli zenye vitanda vya dabodeka chumba cha watu wengi, za wazungu wa mabegi, zipo. Bei kwa kitanda na mnapata maji ya moto. Loji za katikati ya mji za bei ya chini kabisa nyingine ni za kukodi kwa saa, mtalala mkisikiliza milango usiku kucha, na hapo hakuna kitu kitakachohitaji kutafsiriwa.

Na kula kwa huyo mwenzio: Wandegeya jioni. Rolex mnaijua? Chapati imekunjwa na mayai, kabichi na nyanya ndani, inakaangwa mbele yako. Unaonyesha vidole idadi ya mayai na idadi ya chapati. Ile chapati ya kukatwakatwa na maharage juu wanaita kikomando, inashibisha bei rahisi. Mchana tafuteni kwa mama wa kibanda matooke na mchuzi wa binyebwa, karanga ile, unaingia unachungulia sufuria unaonyesha unachotaka, hawakasiriki. Mkienda Novemba mtakuta nsenene, wale panzi wa kula, hizo nyie wa Mwanza mmeziona kwetu Bukoba msijifanye hamzijui.

---

MnubiWaBombo

Kwa anayependa historia nenda Makerere, ni bure kutembea kwenye uwanja wake na kwenu ina maana, Mwalimu Nyerere alisoma hapo miaka ya 1943 mpaka 1945. Chuo kilianza 1922. Lile jengo kuu jeupe mnaloliona kwenye picha liliungua 2020 likajengwa tena. Getini wataangalia mabegi, huku kila mahali wanakagua, maduka makubwa, makanisa, hata kwenye baa zingine, fungua begi mwenyewe kabla hujaambiwa na utapita haraka.

Halafu Kasubi, makaburi ya makabaka wanne, wafalme wa Buganda. Ile nyumba kubwa ya nyasi iliungua Machi 2010, kujengwa upya kulichukua miaka mingi, UNESCO waliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Viatu mnavua. Kuna waongozaji, waulizeni kwa upole kama yupo anayejua Kiswahili, asipokuwepo mwambieni aongee Kiingereza polepole, wewe unayesoma ukaelewa utashika mengi.

Msikiti mkuu wa Old Kampala ambao watu wanauita wa Gaddafi ndio mimi ningeanza nao siku ya kwanza asubuhi. Hata kama sio Waislamu mnaruhusiwa nje ya muda wa swala, kuna kiingilio. Mnapanda mnara, ngazi zaidi ya 300, na juu pale Kampala yote iko chini yenu. Mwambieni anayewapandisha awaonyeshe kwa kidole: paki zote mbili, Rubaga kanisa katoliki, Namirembe kanisa la Waprotestanti, Mengo kwa Kabaka, Makerere. Kila kilima na kitu chake juu. Mkishashuka mji utakuwa na sura, mkipotea mnatafuta kilima. Hiyo ndiyo inasaidia mtu asiye na lugha, sio kujua maneno mengi.

Usalama wa wawili: wawili ni wazuri ila msiongee Kiswahili kwa sauti mkibishana njia katikati ya barabara huku mmefungua ramani. Ingieni dukani, nunueni maji, bishaneni humo.

---

Msee_Transit

Jinja pia msiache, ni kama kilomita 80 tu, taksi zake ziko Old Taxi Park. Chanzo cha Nile. Na kule Busoga si Kiganda tena ni Kisoga 😂

---

KijanaWaNyegezi

Wakuu nimeandika yote kwenye daftari. Mzee shikamoo, tukipita Masaka tutashuka kunywa chai. La mwisho kabisa, tiketi ya kurudi tukate mapema au tunakata siku hiyo hiyo?

---

MamaMzigo_Bukoba

Kateni siku moja au mbili kabla, ofisini kwa kampuni ya basi kwenyewe, sio kwa kijana wa nje mwenye kitabu cha risiti mfukoni, huyo ukifika basi lake linaweza kuwa limejaa au halipo.

Na muangalie saa vizuri sana. Waganda wanahesabu saa kama sisi, ukiambiwa ssaawa bbiri ni saa mbili hiyo hiyo yetu. Lakini tiketi inaandikwa kizungu. Kuna dada tulipanga naye safari moja, tiketi yake imeandikwa 7:00, yeye kaja saa saba mchana kajipamba na mizigo yake yote, basi limeshafika Masaka. Mwambieni karani awaonyeshe kwa mkono kwenye saa ya ukutani mshale utakuwa wapi, na mfike nusu saa kabla ya hapo.

---

MnubiWaBombo

Mkifika andika hapa, nikiwa na nafasi nitakuja paki niwachukue. Nitawajua kwa sauti ya huyo mwenzio.